Mitungi, ndoo, wavu na chumvi: vifaa vya kumshusha farasi Nairobi hadi Mombasa, kipi kinastahili pesa yako

Mwenye pesa ya kununua kifaa kimoja tu kabla ya kumshusha farasi pwani kwa treila, anunue mitungi minne ya lita 20 na aijaze maji ya nyumbani. Bomba la pasta ya elektrolaiti (chumvi za mwili zilizokolezwa, za kusukumia mdomoni), ambalo wengi hulikimbilia kwanza, limekaribia mkia katika tathmini hii. Pasta yenyewe si mbaya. Tatizo ni kwamba watu huinunua kana kwamba ni maji, nayo bila maji humwongezea farasi taabu.

Safari tunayoitumia kama kipimo ni Nairobi hadi Mombasa: kilomita 480 hivi, farasi wawili wa kilo 450 kila mmoja, treila ya kuvutwa na gari. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 60 kwa saa na vituo vitatu, ni karibu saa kumi. Ukiondoka saa kumi alfajiri, unapita Emali kunapokucha, unafika Mtito Andei kwenye saa mbili na robo, Voi saa nne na ushei, na Mombasa mchana wa saa nane. Unatoka kwenye baridi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, unaingia kwenye joto la Tsavo, unamalizia kwenye unyevu wa pwani ambako jasho halikauki upesi. Kifaa kinachofaa kwa safari ya saa mbili kwenda Gilgil kinaweza kukuangusha huku.

Farasi wa ukubwa huo akiwa ametulia zizini hunywa lita 25 hadi 30 kwa siku. Ndani ya treila hatulii. Kila kona na kila breki hujikaza miguu na mgongo, kwa hiyo anafanya kazi ijapokuwa amesimama. Maji anayoyapoteza huchotwa kwa sehemu kubwa kutoka kwenye utumbo mpana, ambao kwake ni tangi la akiba. Tangi hilo likikauka, nyasi iliyomo hugeuka donge gumu, na hapo ndipo huanzia msokoto wa tumbo wa kufunga choo. Mara nyingi haujitokezi barabarani. Hujitokeza siku moja au mbili baada ya kufika, wakati kila mtu ameshaisahau safari.

Mitungi ya lita 20 (Watanzania husema madumu): 9 kati ya 10

Hesabu ni rahisi: lita 30 kwa kila farasi, na lita 20 za akiba kwa ajili ya pancha au msongamano pale Mariakani. Jumla lita 80, mitungi minne, kilo 80. Uzito huo uuweke mbele kidogo ya ekseli ya treila au ndani ya gari linalovuta, kamwe si nyuma ya ekseli, kwa sababu mzigo wa nyuma huinua ndoano na treila huanza kuyumbayumba kwenye mteremko. Na treila inayoyumba ndiyo inayomtoa farasi jasho kuliko jua.

Ubora wa mtungi ni kwamba unagawika. Mmoja ukipasuka, umepoteza lita 20 na si zote. Unasafishika. Unaubeba kwa mkono mmoja hadi kwenye bomba. Na una maji ambayo farasi anayajua harufu na ladha yake, jambo ambalo kwenye barabara hii si dogo: visima vingi vya Ukambani vina maji ya chumvichumvi, na farasi aliyezoea maji ya bomba la Karen, Nairobi, atatia pua, atapuliza, kisha atageuza kichwa. Huwezi kumshawishi kwa maneno.

Mtungi hupoteza alama moja kwa sababu ya ule wa manjano wa mafuta ya kupikia. Harufu ya mafuta hubaki hata baada ya kuosha mara mbili, na farasi huisikia pale ambapo wewe husikii chochote. Kama ndio ulio nao, uoshe kwa maji moto na sabuni, usuuze, uujaze maji yenye magadi usiku kucha, kisha usuuze mara tatu na uuache wazi juani. Ule uliowahi kubeba dawa ya kuogesha ng'ombe au dizeli hauoshwi, hautumiki kabisa. Afadhali kununua mipya na kuiandika kwa rangi: MAJI YA FARASI.

Tangi la kona la plastiki: 7 kati ya 10

Haya ni matangi ya umbo la pembetatu yanayokaa kwenye kona ya treila, mengi ya lita 80 hadi zaidi ya 100, yenye mfereji chini. Kwa mtu anayesafirisha farasi kila wiki ni raha: unajaza mara moja, unafungulia, unajaza ndoo. Kwa mwenye safari mbili kwa mwaka, pesa hizo zina kazi nyingine.

Kasoro zake ni tatu. Likifika nusu, maji huanza kupiga mawimbi na kuisukuma treila upande kwenye kona; tangi lisilo na vizuizi vya ndani lisiwe kubwa. Uzito wake uko mahali pamoja na huwezi kuuhamisha. La tatu ndilo linalosahaulika: tangi jeupe linalopitisha mwanga huota ukijani ndani, na mdomo wake ni mwembamba, mkono hauingii. Baada ya kila safari limwagwe lote na kuachwa wazi. Kabla ya safari, onja maji yake mwenyewe. Yakiwa na ladha ya mpira wa paipu, farasi ameshayakataa.

Ndoo: ya mpira 9, ya plastiki ngumu 5

Ndoo ya mpira laini, ile inayokunjika ukiikanyaga, haina mpinzani. Farasi akiigonga kwa goti haipasuki na haitoi makali. Chukua ya lita 15 hadi 20 na utie lita 10 hadi 12 tu, ili mdomo wote uingie bila macho kugusa ukingo. Ndoo ya plastiki ngumu yenye mkono wa waya hufaa zizini, lakini ndani ya treila mkono ule hunasa hatamu, nao ukinasa farasi hujivuta nyuma kwa nguvu zote. Ukilazimika kuitumia, ng'oa mkono wa waya na uishike kwa mikono.

Usining'inize ndoo yenye maji treila ikiwa inatembea. Nusu itamwagika kabla ya Athi River, sakafu itakuwa telezi, na matandiko yaliyolowa yatatoa harufu kali ya amonia. Maji ni ya vituoni. Kila saa mbili hadi nne simama, zima injini, acha dakika tano za utulivu kwanza, ndipo ulete ndoo. Farasi aliyetoka tu kutikiswa hanywi mara moja, na saisi mwenye haraka huondoa ndoo pale pale farasi anapoanza kuifikiria. Mpe dakika 20 nzima. Andika kiasi alichokunywa. Kumbukumbu ya barabarani hudanganya.

Ladha ya kumvutia ni jambo la kuanzwa nyumbani. Nusu kikombe cha molasi kwenye ndoo ya lita 10, kwa siku tatu hadi tano kabla ya safari, humzoesha ladha moja anayoweza kuikuta popote. Ukianza barabarani, molasi nayo ni kitu kigeni. Na daima weka ndoo ya pili yenye maji matupu kando yake.

Wavu wa nyasi: 8 kati ya 10, ukifungwa vizuri

Farasi anayekula hunywa. Kutafuna huleta mate, mate hulinda tumbo dhidi ya asidi, na nyasi huhifadhi maji ndani ya utumbo. Kwa hiyo wavu ni kifaa cha maji pia, hata kama hauuzwi hivyo.

Mashimo ya sentimita 4 hadi 5 yanatosha. Nyavu za mashimo madogo zinazouzwa kwa ajili ya farasi wanene humkera farasi safarini, akaacha kula. Jaza nyasi safi ya Boma Rhodes, kilo 3 hadi 4, uizamishe nzima ndani ya maji kwa dakika 30, uining'inize ichuruzike robo saa. Unapata faida mbili kwa mpigo: unamwongezea maji, na vumbi linakufa. Ndani ya treila pua ya farasi iko sentimita chache kutoka kwenye wavu kwa saa nyingi, huku upepo ukilipuliza vumbi lote usoni. Nyasi kavu pale ni njia fupi ya kukohoa.

Lakini nyasi iliyolowekwa haikai. Kwenye joto la Mtito itaanza kuchacha baada ya saa chache. Loweka wavu wa kwanza Nairobi, beba nyasi ya wavu wa pili ikiwa kavu, na uiloweke kituoni. Iliyobaki ya kwanza itupwe, usiichanganye. Kiganja kimoja au viwili vya lusini (alfalfa) juu yake ni kishawishi kizuri kwa mchaguzi, na kalsiamu yake hutuliza asidi ya tumbo.

Kufunga ndiko kunakoua. Wavu ukiisha nyasi hushuka, na kwato inaingia. Ufunge juu kiasi kwamba ukiwa mtupu bado uko juu ya goti la mbele, lakini si juu sana hivi kwamba farasi anakula akiwa ameinua shingo. Usiufunge moja kwa moja kwenye pete ya chuma. Weka kwanza kitanzi cha uzi wa katani unaoweza kukatika. Wengi hutumia uzi wa kufungia marobota, na zamani ilikuwa sawa. Siku hizi uzi mwingi wa marobota ni wa plastiki na haukatiki. Kinachokatika ni ngozi. Kama huna katani, chambua uzi huo wa plastiki na utumie nyuzi chache tu.

Elektrolaiti: chumvi ya mezani 9, poda 6, pasta 4

Jasho la farasi lina chumvi nyingi kuliko letu, hasa sodiamu na kloraidi, na potasiamu kwa kiasi. Potasiamu huipata kwenye nyasi. Farasi anayekula nyasi vizuri hana upungufu wa haraka. Kinachokosekana ni sodiamu na kloraidi, na hivyo viwili ndivyo chumvi ya mezani. Kijiko kimoja cha chakula kilichosawazishwa ni gramu 17 au 18. Vijiko viwili jioni kabla ya safari, ndani ya chakula kilicholoweshwa, humfanya aone kiu na kuingia kwenye treila akiwa amejaa maji. Kijiko kimoja tena alfajiri, ikiwa tu usiku alikunywa kawaida. Chakula chenyewe: kilo moja ya pumba za ngano na lita tatu za maji, kwa farasi aliyezoeshwa pumba wiki nzima kabla. Asiyezijua asipewe usiku huo. Mabadiliko ya ghafla ya chakula na safari ni mchanganyiko mbaya. Huyo mtilie chumvi kwenye chakula chake cha kila siku kilicholoweshwa.

Poda za dukani zisome nyuma ya mfuko. Kama kiungo cha kwanza ni glukosi au sukari ya aina yoyote, umenunua peremende. Sodiamu na kloraidi ndizo ziongoze. Angalia pia neno baikaboneti. Poda nyingi za agroveti ni za ndama wanaoharisha, na ndama huyo hupoteza alkali, kwa hiyo hurudishiwa alkali. Farasi anayetoka jasho jingi hupoteza kloraidi, na damu yake huelekea upande wa alkali tayari; kumwongezea baikaboneti ni kumsukuma huko huko. Kwa sababu hiyo hiyo magadi si mbadala wa chumvi, hata kama ng'ombe wa jirani wanayalamba kwa furaha. Yana sodiamu, kloraidi hayana ya kutosha.

Sasa pasta. Ni chumvi iliyokolezwa ndani ya bomba la kusukumia mdomoni. Ikiingia kwenye tumbo la farasi asiyekunywa, huvuta maji kutoka mwilini kuyapeleka kwenye utumbo ili ijiyeyushe. Yaani kwa muda umemkausha zaidi. Ikiingia kwenye tumbo tupu huwasha ukuta wa tumbo, na farasi mwenye vidonda atasimama akisaga meno. Alama nne inazipata kwa sababu ina matumizi yake: farasi anayekunywa vizuri lakini anakataa chumvi kwenye chakula, apewe ndoo ipo mbele yake. Kumpa farasi aliyekataa maji tangu Emali kwa matumaini kwamba "itamsukuma" ni kosa linalorudiwa mno, na huwa linamalizikia kwa daktari kupitisha mpira puani hadi tumboni.

Ndani ya treila yenyewe

Mikeka ya mpira ya milimita 15 hivi inastahili kila shilingi: hupunguza mtikisiko na joto linalopanda kutoka kwenye lami. Juu yake tandaza maranda kidogo, uyanyunyizie maji yasiruke. Kuna farasi wengi wasiokojoa kwenye sakafu tupu kwa kuchukia kurukiwa na mkojo, na farasi anayebana mkojo saa kumi hana raha ya kunywa.

Matundu ya hewa ya juu ya paa yawe wazi muda wote, na madirisha pia, yakiwa na vyuma au wavu wa kumzuia asitoe kichwa nje. Feni ndogo za betri ya volti 12 husaidia kwenye foleni na vituoni pekee. Treila ikitembea, matundu yanafanya kazi kuzishinda. Treila iliyofungwa na kusimama juani hupanda joto ndani ya dakika chache, kwa hiyo kituo kiwe chenye kivuli na mlango wa mbele uwe wazi. Kati ya Kibwezi na Voi usisimame vichakani: mbung'o hufuata gari linalotembea na huingia pale tu linapopoa mwendo. Kituo cha mafuta chenye mti ni bora.

Kamba ya kichwa ndiyo inayopuuzwa kuliko vyote, na haigharimu kitu. Farasi aliyefungwa kichwa juu hawezi kukohoa na kutoa makamasi. Bakteria wa kooni huteremka kwenye mapafu, na saa sita hadi kumi na mbili za kichwa juu zinatosha kuanzisha homa ya mapafu ya safari. Kamba iwe ndefu kiasi cha kumruhusu ashushe pua chini ya usawa wa kifua, si ndefu kiasi cha kuvuka mguu. Vituoni mfungue kabisa, saisi amshike, ashushe kichwa hadi sakafuni kwa dakika 20 hizo hizo za maji. Usimteremshe kando ya barabara kuu. Hatamu iwe ya ngozi, ikatike ikibidi. Ya nailoni haikatiki.

Viatu vya safari vyenye manyoya na bandeji nene: 3 kati ya 10 kwa barabara hii. Huchemsha miguu, na bandeji ikilegea karibu na Voi inakuwa kamba ya kumfunga. Farasi aliyezoea avae kinga nyepesi za kwato tu.

Wanaopendelea kusafiri usiku kucha kukwepa joto wanapata hewa baridi, ni kweli, lakini wanagawana barabara na malori ya makontena, na wakifika pwani kabla ya mapambazuko wanawakuta visubi wakiwa kazini. Visubi ndio wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, nao hung'ata zaidi kati ya machweo na alfajiri. Kuondoka saa kumi alfajiri na kuwa zizini, chini ya chandarua, kabla ya jua kuzama ni mpango bora. Chanjo iwe imechomwa wiki kadhaa kabla, si siku ya kupakia.

Kipimajoto cha kidijitali: 10 kati ya 10

Ni kifaa cha bei ya chini kuliko vyote hapa, na ndicho pekee kinachokuambia habari kabla farasi hajazionyesha. Kifungie uzi na kibanio cha nguo ili kisipotelee ndani. Joto la kawaida ni nyuzi 37.5 hadi 38.5. Lipime Nairobi kabla ya kupakia. Farasi mwenye homa asipakiwe. Vituoni tazama ufizi: uwe wa waridi na wenye unyevu, na ukiubonyeza kwa kidole rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Finya ngozi ya bega. Ikibaki imesimama zaidi ya sekunde mbili, amepungukiwa maji. Hesabu vinyesi pia, madonge madogo makavu ni onyo.

Ukifika, mtembeze polepole, mpe nyasi chini sakafuni na ndoo mbili za maji, moja ya Nairobi na moja ya huko, ili azoee ladha mpya. Nafaka zisubiri hadi awe amekunywa na kunya. Kisha pima joto asubuhi na jioni kwa siku tatu. Likivuka 38.6, au akisimama ametanua viwiko vya mbele na hataki kusogea, au akikohoa na kuacha chakula, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo na umtajie saa ulizokaa barabarani na lita alizokunywa kila kituo.